Mgeni wa Mtaa wa Mkwajuni

Jumanne, tarehe 3 Juni 2081. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma magoti.

Tasiana alirudi nyumbani akiburuta miguu, rozari mkononi. Mtaa usiokanyagwa na mgeni mwaka mzima hukatiwa maji na umeme, na wakazi wake huhamishwa. Kwa kuwa watu hawakutoka tena majumbani, yeye aliizunguka mitaa yote ya mji akiiombea. Aliona mengi: kinyozi asiye na wateja akijinyoa mwenyewe, mlango uliozibwa kwa matofali huku redio ikiimba ndani.

Leo alimkuta mjumbe, Mzee Kilumanga, kibarazani pamoja na jirani, Bi Sikudhani.

"Tasi, mtaa wetu unafutwa jioni hii," mjumbe alisema.

"Si ninaupita kila siku?"

"Wewe ni mkazi, mwanangu. Nyayo zako hapa hazihesabiwi."

"Umeokoa mitaa ya watu, ukatusahau sisi!" Bi Sikudhani alifoka.

Ndani, mama yake Tasiana alikohoa. Alikuwa hoi kitandani; kuhamishwa kungemuua.

"Mkazi anaweza kuukana mtaa mbele ya mashahidi wawili," mjumbe alisema taratibu. "Hapo anakuwa mgeni. Ila haruhusiwi kulala tena hapa."

Tasiana alifanya ishara ya msalaba, akarudi hadi barabarani.

"Tasi, ni wewe?" mama aliita.

"Hapana, Mama," alijibu kwa sauti, wote wakisikia. "Ni mgeni. Nitakuja kila siku, nitapiga hodi, na jua likizama nitaondoka."