Mota ya Tatu

Sheria iliruhusu kila nyumba mota tatu tu. Kwa hiyo Mbwilo, ili kigari chake cha michezo cha milango miwili, chepesi kama sinia, kipate injini, ilibidi ang'oe mojawapo ya zilizomo ndani.

Aliitazama ya pampu ya maji, akasonya. "Hii ya kukunia nazi." Ya friji je? "Hii hata baiskeli ingeionea aibu."

"Basi achana na hilo gari," mkewe alisema.

Mbwilo alikuwa anaisikiliza mashine ya kupumulia ya mama mkwe, ikinguruma bila kukwama chumbani ambamo, kwa heshima ya ukwe, hakuwahi kuingia miaka kumi.

Akachukua spana. "Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Nilijua ipo siku utakuja kunijulia hali."