Mafiga ya Mama Mkwe

Sheria haikuwa na huruma: kipimo kikilia juu ya mtu, mtu huyo hupelekwa kwenye mabanda ya ng'ambo ya uzio, na nyumbani harudi tena. Ndiyo maana Syombua, aliyeshinda akipima mionzi kwenye uwanja wa zamani wa kujaribia mabomu, hakuthubutu kuingia kwake kabla ya kujipitisha kipimo mwilini, kuanzia nywele mpaka nyayo.

Jioni hiyo kilinyamaza. Alikuwa safi. Lakini siku hiyo alisahau kukiacha mlangoni kama kawaida, na alipokanyaga jikoni tu, kikaanza kulia kama vifaranga.

Alikielekeza kwenye mtungi, kwenye unga, kisha mekoni. Hapo kikapiga kelele.

"Mama, mafiga haya yametoka wapi?"

"Kwetu," akajibu mama mkwe wake, huku akikoroga uji. Kwao kulikuwa huko huko uwanjani, kabla hawajahamishwa. "Mwanamke hahami akaacha mafiga yake, mwanangu. Niliyafunga kwenye kanga, nikayaficha chini ya mtama. Ulitaka nipikie nini?"

"Miaka yote hii?"

"Na binti yako nimemlea papo hapo, kwenye joto lake."

Syombua alimnyakua binti yake Nthenya, aliyekuwa akichezea majivu, akatoka naye mbio, akavuka ua, akazidi kwenda mpaka moshi wa jiko ukawa mbali nyuma yao. Hapo akasimama, akamkumbatia.

Kipimo kilining'inia shingoni mwake, katikati yao wawili. Hakikunyamaza.