Kundi la Pili

Saa mbili asubuhi Ladislaus alikuwa bado ameikodolea macho simu yake. Mkakati wake mpya, alioutuma kwenye kundi la chama, ulikuwa umesomwa na wanachama mia mbili na tatu, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kahawa, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Jumamosi hiyo kungekuwa na uchaguzi, na kiti kile alikipenda kuliko shamba lake. Mwezi uliopita alikwenda semina Songea, akarudi na somo moja: kundi la WhatsApp ni kioo cha taasisi. Ukitaka kuujua utamaduni wa watu wako usiwaulize, wasome. Basi akawa anawasoma.

Tangu alfajiri hakuna aliyetuma salamu wala picha ya waridi. Hata Cleopa, ambaye hajawahi kumwacha kiongozi apite bila kumtania, alikuwa bubu.

Saa tatu ukaingia ujumbe wa Bernadi: "Mimi naleta kuni na debe la mahindi. Asiambiwe mpaka tufike wote." Kufumba na kufumbua, ukafutwa.

Ladislaus si mtoto. Kumbe lipo kundi la pili, na yeye hayumo. Na watu wanaochanga mahindi wana mtu wao wa kumsimika.

Akampigia Luisa, katibu wake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mko wapi?"

"Tupo tu. Uko nyumbani? Basi usitoke." Akakata.

Akampigia mdogo wake Aidan, aliyeshuka Liuli wiki iliyopita kumuuguza mama yao hospitalini. Simu iliita mpaka ikachoka. Aidan naye ni mwanachama. Wamemnunua hata wa tumbo moja! Hilo lilimuuma kweli, kuliko kiti chenyewe.

Heri kujiuzulu kuliko kuzomewa. Alichukua karatasi, akaandika barua, akaisaini.

Saa tano wakaja. Walipanda kilima kwa miguu, wanaume mbele, wanawake nyuma wamejifunga khanga. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyepiga kelele. Mapinduzi ya watu wenye nidhamu, aliwaza, na moyoni akawasifu kidogo. Hakujua kama chama chake kinaweza kupanga jambo likapangika.

Walibisha hodi, wakaingia. Cleopa na Bernadi wakashika kochi, wakalitoa nje. Kisha meza. Kisha televisheni.

"Hata vitu vyangu?" aliuliza Ladislaus.

"Tutavirudisha, mwenyekiti," alisema Cleopa bila kumtazama.

Ladislaus akamnyooshea Luisa ile barua. "Sisubiri Jumamosi. Kiti chenu hicho, mpeni mnayemtaka."

Luisa hakuifungua. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamkalisha kwenye mkeka uliokwisha kutandikwa.

"Kaka," alisema. Tangu achaguliwe, hakuna mwanachama aliyewahi kumwita hivyo. "Aidan ameshapita Mbamba Bay, anakuja na mama. Vijana wanauliza wachimbe upande gani wa kaburi la baba."