Muhadhara wa Jumamosi

Mtu alikuwa amekwangua neno moja tu kwenye tangazo: Jumamosi. Maneno mengine, yale ambayo Dk. Adhel Kur alitarajia yangemchefua mtu, yalikuwa yanasomeka vizuri: "Myahudi Jukwaani: Nani Alimcheka Nani Kwenye Opera?"

Adhel alitoa kalamu nene, akaandika JUMAMOSI kwa herufi kubwa kuliko zote. Kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa idara ya muziki, Owen Waiswa, wala hakubisha hodi.

"Ni mimi nimekwangua," Waiswa alisema kabla hajaulizwa. Alikuwa Mganda wa upande wa Mbale, mtu mpole, na Kiswahili chake kilikwenda kilivyotaka. "Jumamosi mimi hapana kuja. Weka Jumatatu."

"Jumatatu hatuna ukumbi, mzee. Kusow amenipa ghala lake la mtaa wa Juba Na Bari Jumamosi mchana, pamoja na jenereta."

"Basi ngoja muhula mwingine."

Muhula mwingine Adhel asingekuwa na kazi. Mkataba wake ulidai muhadhara mmoja wa hadhara, mkuu wa idara akiwepo, asikilize, kisha atie saini. Bila saini hiyo, kwaheri chuo. Waiswa alilijua hilo, na ndilo lililomchoma Adhel.

"Niambie ukweli. Hupendi siku, ama hupendi Wayahudi?"

Waiswa aligeukia dirisha. "Kwenye kitabu yako unafukua mwimbaji amekufa zamani. Alificha asili yake maisha yote. Mutu akijificha, Daktari, wacha yeye. Hujui alikuwa anaogopa nini."

"Najua sana," Adhel alisema. Utotoni, kule Khartoum, mama yake alimpa jina la Kiarabu la kuazima la kwendea shule, ili asichekwe. "Huyo hakujificha kwa kupenda. Walimvalisha kibiongo na pua ya karatasi, wakamwambia aigize Myahudi mchoyo. Ukumbi ukacheka, na yeye mwenyewe alikuwa Myahudi. Nitalitaja jina lake kwa sauti, uje usije."

Chuoni walisema Waiswa ana mwanamke mtaa wa Bilpam. Kwani mtu hutoweka bure kila Ijumaa jioni, asionekane mpaka Jumapili? Adhel naye aliamini, hasira ikampanda zaidi. Miaka yote ya utafiti iende na maji kwa sababu ya starehe za mtu mmoja.

Jumamosi ghala likajaa. Wanafunzi walikalia magunia ya sukari, wachuuzi wakasimama mlangoni. Adhel alikuwa bado anawasalimu alipomwona Waiswa akiingia, shati limelowa jasho, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekuja kwa miguu, na gari analo. Adhel alidhani amekuja kumkatiza, akapandisha sauti.

Alizungumza bila kutazama karatasi. Aliwachezea sauti ya yule mwimbaji katika rekodi ya zamani yenye mikwaruzo, kisha akalitaja jina lake halisi mara tatu. Hakuna aliyecheka. Waiswa alisikiliza mpaka mwisho, amesimama.

Adhel alishuka na fomu mkononi, akamnyooshea kalamu mbele ya watu wote. Akatae hapa, kila mtu aone.

Waiswa alirudisha mikono nyuma. "Leo siandiki."

"Umesikiliza yote, mzee. Nimekosea wapi?"

"Hapana kosea. Ni kazi muzuri sana."

"Basi weka saini."

"Jua ikizama, nitaweka."

Kusow, mwenye ghala, akaangua kicheko. "Kumbe mwalimu ni Msabato! Mafi mushkila, hakuna shida, tutangoja jua. Chai ipo."

Watu wakacheka naye. Waiswa hakucheka. Alitazama nyuso zile moja moja, zilizokuwa zikimwona sokoni na chuoni miaka yote hiyo, kisha akasimama wima na kusema kwa sauti iliyofika hadi kwa wachuuzi mlangoni.

"Sabato ni yangu, lakini kanisa mimi hapana kwenda. Babu yangu ni Myahudi, baba yangu ni Myahudi, na mimi ni Myahudi. Daktari, kwenye kitabu yako, andika jina langu pia."