Breki ya Upande wa Abiria

Tangu walipoyaacha mashamba ya zabibu asubuhi, mguu wa kulia wa Baba Nuru haukutulia. Kila aliposikia honi au kuhisi kona, alikanyaga sakafu kwa nguvu, kana kwamba breki ilikuwa upande wake. Alikuwa dereva wa malori mpaka macho yake yalipoingia giza, na hii ilikuwa safari yao ya kwanza ndefu mkewe, Tausi, akiwa kwenye usukani.

Tausi alivumilia. Walipita mji mmoja wa pwani, wakapita wa pili, na kile kiatu bado kinagonga. Mwishowe akaegesha gari kando.

"Baba Nuru, kama huniamini, turudi nyumbani."

"Nisikuamini wewe? Ninachoogopa ni barabara nisiyoiona."

"Mimi ninaiona."

Tausi akawasha gari.

Mbele, barabara iliteremka mteremko mkali hadi mji wa mwisho, na bahari ikajaa kioo kizima. Tausi alingoja kishindo cha kiatu, asikisikie. Akatupa jicho pembeni: mumewe alikuwa amevua viatu, amekunja miguu juu ya kiti kama aliyeketi mkekani kwake, kikapu cha zabibu mapajani.

"Kuna nini huko mbele?"

"Maji, mume wangu. Maji matupu."

Baba Nuru akachuma zabibu moja kichalani, akanyoosha mkono hewani, akiutafuta mdomo wa mkewe. Tausi hakuondoa macho barabarani. Aliachama tu, akaungoja mkono.