Jiko Linalotaka Mtu Mzima

Siku hizi jiko letu lenye kamera haliwaki mpaka lione uso wa mtu mzima. Mimi nina miaka thelathini na sita, ila nilizaliwa nikaitwa msichana, na uanaume wangu haujaniletea ndevu. Jiko linaniona mtoto.

"Mwite mkubwa wako," likasema tena.

Nimelitukana mpaka matusi yameniishia. Mkubwa mwenyewe ni mama, yuko chumbani anatetemeka kwa homa, anasubiri uji.

Nikachukua kanga yake kwenye kamba, nikajitanda kichwani. Sasa likaniona mwanamke wa makamo. Moto ukawaka.

"Karibu, mama," likasema kwa sauti iliyofika hadi chumbani.

Nikakoroga uji nimeuma meno. Nikiivua kanga tu, linazima.

"Sudi," mama akaita kutoka chumbani. "Ivue, baba. Nitakunywa maji."