Kilio cha Saa Sita

Haya, nitegulieni hiki: macho ni yake, machozi ni ya wenzake. Mmeshindwa? Basi nipeni mji niwaambie. Ni binti yangu Mwanakombo, msaidizi wa walimu wa chekechea. Siku hizi mtoto haruhusiwi kulia shuleni. Kilio chake huingia kwenye bangili ya msaidizi, naye huja kukimalizia nyumbani.

Jumatatu alilia cha aliyeanguka bembeani, huku akikuna nazi. Jumanne ilikuwa chanjo, watoto thelathini kwa mpigo, hata ugali nikausonga mimi. Jumatano mmoja alifiwa na babake. Vyote aliwajua wenyewe, isipokuwa kimoja chembamba, kilichoingia kila siku saa sita mchana.

“Hiki ni cha nani, Mama? Kinanimaliza.”

“Mie nitajuaje, mwanangu? Lia kiishe.”

Ijumaa aliketi chini jikoni akikilia tena. Mjukuu wangu Tatu, mtoto wake, anayesoma chekechea hiyohiyo, alikuwa akichambua mchicha, macho makavu.

“Ni changu, Bibi,” akasema. “Saa sita Mama huwabembeleza wenzangu walale. Mimi ananiruka, asije akaambiwa anapendelea.”